ROBOTA LA NYASI: KULITUNZA NA KULIUZA

Katika miteremko ya mlima Kilimanjaro mashamba ni madogo. Kihamba kimejaa migomba na kahawa. Mahali pa kuchungia ng'ombe hapana. Kwa hiyo ng'ombe hukaa bandani mwaka mzima, na watu ndio wanaomletea chakula. Majani ya migomba na vigogo vyake humsaidia, lakini havimtoshi. Nyasi hufuatwa kule chini tambarare. Nyingine hupandishwa kwa gari, na nyingine hubebwa na akina mama kichwani, kilomita nyingi kupanda mlima.

Somo hili ni la mfugaji wa namna hiyo, mwenye ng'ombe mmoja, wawili au watatu. Pia ni la kijana, au kikundi, kinachotaka kuwauzia wafugaji hao nyasi. Tutasoma juu ya robota dogo la nyasi kavu. Wataalamu wa mifugo huziita nyasi hizo hei.

UNABEBA CHAKULA AU UNABEBA MAJI?

Tuanze na hesabu. Mama mmoja anabeba mzigo wa nyasi mbichi wa kilo 20. Nyasi mbichi za wakati wa mvua zina maji mengi. Katika kila kilo 4 za nyasi hizo, karibu kilo 3 ni maji. Basi katika mzigo wa mama huyu mna kilo 15 za maji, na kilo 5 tu za chakula.

Sasa tazama robota la nyasi zilizokauka vizuri. Nalo lina kilo 20. Ndani yake mna kilo 3 za maji na kilo 17 za chakula. Uzito ni ule ule na njia ni ile ile, lakini robota moja lina chakula kupita mizigo mitatu ya nyasi mbichi. Maji ng'ombe atayapata bombani au mferejini. Hakuna haja ya kuyabeba kichwani kutoka tambarare. Mwenye gari naye hutoza nauli ya mzigo, wala haulizi kama umejaza maji.

KUKATA NA KUKAUSHA

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Zinapokwisha, nyasi ziko tele na bei yake iko chini. Huo ndio wakati wa kukata. Zitazame nyasi zako. Zikianza kutoa maua, zikate. Ukingoja mpaka mbegu zikomae, mashina yatakuwa magumu kama fito, na ng'ombe atayabakiza horini.

Mwezi wa Juni jua huwa limerudi tambarare, lakini huko juu mlimani bado kuna mawingu na manyunyu. Kwa sababu hiyo zikaushe nyasi chini kule kule zilikokatwa. Zipandishe mlimani zikiwa zimekwisha kuwa kavu.

Nyasi nzuri za kukausha ni zile zenye mashina membamba, kama nyasi za Rhodes. Mabingobingo hayafai sana kwa kazi hii. Shina lake ni nene. Majani hukauka na kupukutika wakati shina bado lina maji. Mabua ya mpunga kutoka mashamba ya umwagiliaji ya tambarare ya Moshi hufungwa marobota pia, na watu wengi hununua. Hayo hushibisha tumbo, lakini nguvu yake ni ndogo. Anayelisha mabua ya mpunga peke yake asimlaumu ng'ombe maziwa yakipungua. Ayachanganye na pumba, majani ya lukina, au molasi kidogo.

Kata asubuhi, umande ukishakauka. Tandaza nyasi ziwe nyembamba juu ya ardhi. Zigeuze mara mbili kwa siku ili jua lifike pande zote. Jioni zikusanye katika vichuguu vidogo ili umande usizilowanishe zote, na asubuhi uzitandaze tena. Jua likiwa kali, siku mbili au tatu zinatosha. Usizigeuze kwa fujo. Chakula kizuri kiko kwenye majani, nayo yakikauka huvunjika upesi na kubaki chini. Nyasi zilizokaushwa vizuri hubaki na rangi ya kijani na harufu tamu. Zikiwa njano kabisa, zimekaa juani mno.

Utajuaje kama zimekauka? Chukua konzi ya nyasi, uzisokote kwa mikono miwili kama unayekamua nguo. Mashina yakivunjika na mikono isipate unyevu, zimekauka. Yakijipinda tu bila kuvunjika, ngoja. Tena kwaruza shina kwa ukucha. Kama ngozi yake inachunika, bado kuna maji ndani. Usifunge.

KASHA LA KUFUNGIA

Mashine ya kufunga marobota ni ghali, nayo hufaa mashamba makubwa. Mfugaji mdogo anaweza kutumia kasha la mbao. Fundi seremala yeyote wa kijijini anaweza kulitengeneza. Halina kitako wala kifuniko; ni kuta nne tu. Vipimo vyake ni hivi: urefu sentimita 85, upana sentimita 55, kimo sentimita 45.

Liweke kasha mahali pakavu. Laza kamba mbili ndani yake kwa urefu, ncha zake zikitokeza nje. Jaza nyasi kidogo kidogo, na kila mara uzikanyage kwa miguu mpaka zishikane. Kasha likijaa, vuta kamba, ukaze, ufunge. Kisha nyanyua kasha. Robota linabaki chini, nalo litakuwa na kilo 20 hivi.

Kila kamba iwe na urefu wa mita 3. Tumia kamba ya katani. Kamba za plastiki ni rahisi kupatikana, lakini ng'ombe akimeza kipande hakiyeyuki tumboni. Vipande hivyo hujikusanya mwaka baada ya mwaka, na mwisho humwua. Ukilazimika kutumia plastiki, hesabu kamba kila unapofungua robota, uziweke mahali pamoja.

Kasha moja latosha kaya nyingi, kwa sababu kila kaya hulihitaji siku chache tu kwa mwaka. Kaya tano au sita zikichanga fedha za mbao na misumari, gharama huwa ndogo sana. Tena kazi ya kukanyaga ni nyepesi watu wakiwa wengi.

GHALA

Watu wengi hushughulika sana na kukata na kufunga, halafu marobota huyatupa popote chini ya mwembe. Baada ya miezi miwili nusu imeoza. Hapo ndipo faida yote inapopotelea.

Maadui wa nyasi kavu ni mvua, unyevu wa ardhi, mchwa, panya na moto. Ghala zuri huzuia wote hao, na si lazima liwe la gharama. Paa lisivuje, la mabati au la nyasi, yote mamoja. Kuta zisizibwe kabisa, maana hewa lazima ipite. Fito zilizoachana kidogo zinafaa, lakini upande unaopiga mvua uzibwe.

Jambo kubwa ni chini. Usiweke robota juu ya udongo, wala juu ya sakafu ya saruji. Saruji pia hupitisha unyevu, na safu ya chini ya marobota huoza bila wewe kuona. Tengeneza chaga ya magogo au fito, iinuke sentimita 30 hivi kutoka chini. Pale penye mchwa, tazama miguu ya chaga kila juma, na ukiona njia ya udongo inapanda, ibomoe mara moja. Acha nafasi ya mtu kupita kati ya marobota na ukuta. Nafasi hiyo inapitisha hewa, na paka naye anapita kufuata panya.

Kuku hupenda mno ghala la nyasi. Wazuie. Nyasi zenye kinyesi cha kuku ng'ombe huzikataa, na mayai mawili matatu hayalipi hasara hiyo.

Panga marobota kama fundi anavyopanga matofali, robota la juu lishike mawili ya chini. Marobota 100 ya kasha tuliloeleza hujaza nafasi ya mita za ujazo 21. Kibanda chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2 kinayatosha, na nafasi ya kupita inabaki. Ya mwaka jana yatangulie kutumika kabla ya ya mwaka huu. Yakikaa zaidi ya mwaka, rangi yake hufifia na uzuri wake hupungua.

Usijenge ghala likagusana na jiko au banda la ng'ombe. Cheche moja ikiruka, utapoteza nyasi, ng'ombe na nyumba kwa usiku mmoja.

MOTO UNAOANZIA NDANI

Moto mwingine hauhitaji cheche. Nyasi zikifungwa zikiwa bado na maji, vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kuzila. Katika kula huko huzaa joto. Joto likifungiwa katikati ya rundo haliwezi kutoka, nalo huzidi siku hadi siku. Mwisho rundo linaweza kuwaka lenyewe. Hatari hii ni kubwa katika majuma ya kwanza baada ya kupanga marobota.

Kwa hiyo katika majuma hayo pima joto. Chukua nondo ndefu, uichome mpaka katikati ya rundo, uiache robo saa. Kisha ichomoe na ushike ncha yake. Ikiwa na vuguvugu tu, endelea kuangalia kila siku. Ikiwa na moto usioweza kuuvumilia mkononi, usianze kubomoa rundo peke yako. Ite majirani kwanza, na weka ndoo za maji tayari. Rundo lenye moto ndani likifunguliwa hupata hewa, na linaweza kulipuka kwa ndimi za moto. Wala mtu asipande juu yake, maana katikati huenda pameungua na pana shimo.

Hata kama halikuwaka, robota lililofungwa bichi huota kuvu. Ukilifungua, vumbi jeupe hutoka na harufu ya uvundo. Vumbi hilo hudhuru mapafu ya mtu. Ng'ombe mwenye mimba akila nyasi zenye kuvu anaweza kuitupa mimba. Robota la namna hiyo lipeleke kwenye shimo la mboji.

MNUNUZI NA MUUZAJI

Soma mazungumzo haya. Mmoja wenu asome maneno ya kijana, mwingine asome maneno ya mama. Kijana amekuja na gari lenye marobota. Mama yuko mlangoni pa banda lake.

Kijana: Shikamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu. Habari za huko chini?
Kijana: Nzuri mama. Nimekuletea nyasi. Tazama marobota yalivyojaa.
Mama: Nayaona. Shusha moja. Una mizani?
Kijana: Mizani sina, mama. Lakini robota ni robota.
Mama: Hapana. Kuna la kilo 12 na kuna la kilo 20, na yote huitwa robota. Mimi ninayo mizani ya kuning'iniza. Tupime.

Wanapima. Ni kilo 23.

Kijana: Umeona mama? Nimekuzidishia.
Mama: Kuzidi huko ndiko kunakonitia shaka. Ngoja nitie mkono katikati. Mbona lina joto?
Kijana: Ni jua la njiani, mama.
Mama: Jua huchoma nje, mwanangu. Nje hapa ni baridi, ndani pana moto. Mlifunga lini?
Kijana: Juzi. Mawingu yalitanda, tukaona tuwahi kabla mvua haijanyesha.
Mama: Basi yafungue yote leo, uyaanike. Usiyapange ghalani hivi yalivyo, utaunguza mali yako. Yakikauka niletee kumi. Nitakulipa kwa kilo.
Kijana: Sawa mama. Naomba basi nafasi hapo uani niyashushe.
Mama: Shusha. Watoto watakusaidia kuyageuza.

Tufikiri juu ya robota la kijana huyu. Tuseme katika kilo zake 23, kilo 7 ni maji. Chakula kilichobaki ni kilo 16. Robota kavu la kilo 20 lina chakula kilo 17. Kwa hiyo lile zito lina chakula kidogo kuliko lile jepesi. Mizani peke yake haitoshi. Mkono nao lazima uingie ndani. Na mkono peke yake hautoshi, kwa sababu wapo wanaofunga marobota madogo, makavu kabisa, wakayauza kwa jina la robota.

Tazama mfano. Bei zote katika somo hili ni za kujifunzia tu. Muuzaji wa kwanza anauza robota la kilo 20 kwa shilingi 2,500. Wa pili anauza robota la kilo 12 kwa shilingi 1,800. Wengi watakimbilia la shilingi 1,800. Lakini gawanya. La kwanza ni shilingi 125 kwa kilo. La pili ni shilingi 150 kwa kilo.

KUUZA SASA AU KUNGOJA?

Mtu mwenye marobota 100 mwezi wa Juni hana budi kuanza na ng'ombe wake mwenyewe. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 350 huhitaji karibu kilo 10 za chakula kwa siku, ukiondoa maji. Tuseme sehemu moja anaipata kwenye majani ya migomba na pumba, na wewe unampa kilo 6 za nyasi kavu kila siku. Kiangazi cha Julai hadi Oktoba kina siku kama 120. Kilo 6 mara siku 120 ni kilo 720, yaani marobota 36. Ongeza 4 ya akiba, maana mvua za vuli huweza kuchelewa. Jumla ni 40. Hayo usiyauze, hata mtu akikupa bei nzuri namna gani. Wapo waliouza yote mwezi wa Julai, na Septemba wakanunua nyasi kwa bei ya juu kuliko waliyouzia.

Yanabaki 60 ya biashara. Tuseme bei ya Juni ni shilingi 2,500, na bei ya Septemba ni shilingi 4,000. Ukiuza yote Juni, unapata shilingi 150,000. Ukingoja hadi Septemba na yote yakiwa mazima, unapata shilingi 240,000. Yakioza 10, unauza 50 na kupata shilingi 200,000. Bado umefanya vizuri. Yakioza 30, unauza 30 tu na kupata shilingi 120,000. Hapo ingekuwa heri kuuza yote Juni, ukapumzika.

Mwenye paa linalovuja auze mapema. Hiyo si aibu. Fedha hizo anunue bati na fito, na mwaka unaofuata angoje.

DAFTARI LA GHALA

Marobota yakianza kutoka moja moja, kichwa husahau. Jirani huchukua matatu kwa mkopo, mtoto hufungua mawili badala ya moja. Weka daftari dogo ghalani, na kalamu imefungwa kwa uzi. Huu hapa ni mfano wa ukurasa mmoja:

1 Julai. Yameingia 100. Yamebaki 100.
31 Julai. Yameliwa 9. Yamebaki 91.
15 Agosti. Yameuzwa 20. Yamebaki 71.
31 Agosti. Yameliwa 9. Yamebaki 72.
10 Septemba. Yamekopeshwa jirani 3. Yamebaki 69.

Anayekopa aweke sahihi yake, au dole gumba, mbele ya tarehe. Afanye hivyo hata akiwa ndugu. Mwisho wa mwezi ingia ghalani uhesabu marobota yenyewe, kisha ulinganishe na daftari.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Kwa nini nyasi za tambarare zikaushwe kabla ya kupandishwa mlimani?
2. Katika daftari hapo juu mstari mmoja una kosa, na kosa hilo limeharibu pia mstari unaofuata. Sahihisha yote miwili.
3. Kila robota linahitaji kamba mbili za mita 3. Marobota 100 yanahitaji mita ngapi za kamba?
4. Mfugaji ana ng'ombe wawili. Kila mmoja anakula kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Atahitaji marobota mangapi ya kilo 20 kwa siku 120?
5. Rudia hesabu ya marobota 60 ya biashara. Yakioza mangapi, kungoja hadi Septemba kutaleta fedha pungufu kuliko kuuza Juni?
6. Leteni darasani konzi tatu za nyasi: moja mbichi, moja ya siku moja juani, moja iliyokauka. Zisokoteni na kuzikwaruza kwa ukucha. Elezeni tofauti.
7. Zungumzeni darasani: katika kijiji chetu robota linauzwa kwa kilo ngapi, na nani anayelipima?